Upana wa Baraza

Tarehe 4 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukorofi wake na jogoo wa jirani bado anakuamsha kabla ya wakati. Huku sote hatujambo, na hiyo "sote" ni mimi pamoja na ua langu la dirishani. Usianze, Shangazi. Najua unachotaka kuuliza, na jibu ni hapana, hayupo, na akipatikana wewe ndiye utakayemkagua wa kwanza.

Naandika kwa kalamu kama ulivyoamuru. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu uliweka spika kwa sababu ya masikio yako, nikamsikia kinyozi wa chumba cha kwanza hapo mbele akinipa ushauri wa ndoa. Nimekubali yaishe. Mtu aliyekaa kaunta ya posta mpaka akastaafu ana haki ya kuiamini bahasha kuliko simu. Mdogo wangu vipi? Bado anatafuta kazi, au kazi ndiyo inamtafuta na yeye amejificha?

Sasa habari yenyewe. Wamenitoa kwenye nyumba za kuishi, wameniweka kwenye majengo ya biashara: maduka, ofisi, maghala. Labda kwako ni kuhama meza tu. Hapa kwetu wanawake wote tuko nyumba za kuishi, eti sisi ndio tunaojua jiko likae wapi. Meza ya biashara haijawahi kukaliwa na mwanamke, kwa sababu huko ndiko kamisheni ilikonenepa. Bosi wetu tunamwita Mzee Tai, na hatujakubaliana kama ni tai ya shingoni au yule anayezunguka angani akitafuta mzoga. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Tutamjaribu mpaka mwisho wa mwaka." Nikifunga mkataba mmoja mkubwa, meza ni yangu. Nisipofunga, narudi kwenye majiko.

Na si kwamba wananingoja kwa maua. Meza ya pili yupo mmoja tunamwita Samahani, kwa sababu husema samahani kabla ya kukukanyaga. Wiki iliyopita nilimpeleka mteja, mfanyabiashara wa matairi, akaone ghala. Mlinzi akamsalimia mteja, akamsalimia dereva, kisha akaniuliza mimi kama nimeleta chai. Mteja naye akatazama saa: "Mzee mwenyewe atafika saa ngapi?" Nikamwambia mzee mwenyewe ndiye huyu, leo amevaa sketi.

Nimepewa mteja mmoja mzito, kampuni ya maduka ya dawa inayotaka kuingia miji midogo. Wanataka barabara kuu, karibu na kituo, mbele pawe pana. Wapangaji wakubwa huanza kuuliza mbele, ndani huja baadaye.

Hivi, Shangazi, lile baraza letu la mbele lina upana gani? Na kile chumba cha katikati, baada ya yule muuza vitambaa kuondoka, kina mtu? Nauliza tu.

Ni mimi binti wa kaka yako,
Chiriku

---

Tarehe 23 Februari

Kwako Chiriku,

Marahaba. Goti halijapunguza kitu, limeongeza. Jogoo yupo. Paa linavuja juu ya kabati langu na nimeweka beseni, kwa hiyo mvua ikinyesha naburudika kwa muziki. Kinyozi anakusalimu na anasema ushauri ule haukuwa wa bure, atakudai siku ukija kunyolewa.

Mdogo wako hajambo. Hana maneno, lakini siku hizi anaamka mapema na kwenda mahali. Sijamuuliza wapi. Kijana ukimuuliza sana huanza kujibu uongo, na uongo ukizoeleka huwa kazi ya kudumu.

Nimefurahi kwa meza yako. Nasema kweli, nilisoma sehemu ile nikacheka peke yangu, kisha nikamsomea kinyozi habari ya mzee aliyevaa sketi. Marehemu baba yako angepita nyumba kwa nyumba akitangaza. Chunga sana huyo Samahani. Posta pia alikuwepo wa namna hiyo, alikuwa akituombea dua asubuhi na kutushtaki jioni.

Sasa tuje kwenye baraza. Katika ukoo huu, mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuuliza tu. Baba yako aliniuliza tu kama baiskeli yangu ina breki, na kesho yake ilikuwa imeuzwa. Baraza lina upana wa kunitosha mimi na kiti changu. Chumba cha katikati kimekaa. Kile cha mwisho kina mizigo yangu, na mizigo yangu haina haraka.

Na mimi niulize, lakini siulizi tu. Juzi kulikuwa na bwana mmoja mwembamba ng'ambo ya barabara, kamera shingoni, begi la kahawia. Akaipiga nyumba picha ya mbele, akasogea, akapiga ya ubavuni. Nilipomwita akapunga mkono kama tunajuana, akaondoka. Ni wa kwako?

Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi naona wingu lina kamera. Nijibu vizuri.

Ni mimi Shangazi yako

---

Tarehe 6 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa paa. Nitatuma fundi mara mambo yakikaa sawa. Mimi mzima, ua limenyauka kidogo kwa sababu nilikuwa safarini.

Yule bwana si wa kwangu. Naapa. Na ulivyoniandikia habari zake nilikosa usingizi, kwa sababu nahisi namjua aliyemtuma.

Ngoja nikueleze wizi wa kazi yetu, maana hauna panga wala bunduki. Dalali unamtafutia mwenye jengo mteja. Unamzungusha, unafungua milango, unapanda ngazi kwa viatu vya bapa, unaeleza umeme, maji, maegesho. Mteja anashukuru. Kisha anarudi peke yake kwa mwenye jengo, wanakubaliana wawili, wewe unabaki na funguo mfukoni. Sisi tunaita mlango wa nyuma. Lile ghala nililokusimulia nalo niliibiwa, ila kwa namna nyingine. Mwenye ghala alimpa mtu mwingine, na nikaja kugundua kuwa mtu huyo aliletwa na Samahani. Nilipomuuliza akasema, "Samahani, sikujua kama ulikuwa umelishika."

Kwa hiyo sasa nikisikia kamera nawaza Samahani. Nikisikia hatua koridoni nawaza Samahani. Nafungia faili langu la maduka ya dawa kwenye buti la gari. Wenzangu wananiona nimeingiwa na wazimu, lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Tafadhali, Shangazi, usikubali lolote na mtu yeyote juu ya nyumba ile. Usitie saini. Bwana huyo akirudi, angalia anaongea na nani, uniandikie hata kwa neno moja. Hasa mdogo wangu, mtazame. Ni mpole, na mpole huuzwa bila kujua ameingia sokoni.

Unashangaa kwa nini nataka kujua upana wa baraza. Ni mazoea ya kazi. Siku hizi hata nikiingia nyumba ya msiba naangalia mlango ni wa futi ngapi.

Ni mimi,
Chiriku

---

Tarehe 25 Aprili

Kwako Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na wageni.

Yule wa kamera amerudi. Mdogo wako alikaa naye kwa kinyozi mpaka chai ikapoa. Wamepanga.

Amekuja na mwingine pia, siku nyingine, huyo ana futi ya chuma ya kuvuta na viatu vinavyong'aa. Habari zake nitakueleza nikijisikia.

Goti ni lile lile.

Ni mimi Shangazi yako

---

Tarehe 3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, nisamehe.

Nilijua! Wamepanga! Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni, niliyemlipia masomo nikala mkate mkavu, anakaa kwenye kiti cha kinyozi na mtu wa Samahani wanapanga jinsi ya kunimaliza. Na kwa nini? Wamemuahidi nini? Angeniambia, ningempa mimi.

Sikukaa kimya. Barua yako niliipeleka kwa Mzee Tai asubuhi ile ile, nikamwekea mezani. Nilimwambia ushahidi huu hapa, umeandikwa na mtu mzima mwenye akili zake. Suala linashughulikiwa. Na mdogo wangu nimemwandikia barua yake mwenyewe. Nimemwambia asiniite dada tena mpaka atakapokuja kupiga magoti. Kama ataikataa barua, msomee wewe.

Nieleze yote, usinifiche. Walipanga lini? Waliahidiana nini? Kinyozi alisikia?

Na huyo wa pili, mwenye futi. Kama alisema lolote usimtilie maanani. Watu wa aina hiyo husema mengi.

Chiriku

---

Tarehe 27 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimepita posta nikaambiwa barua hazijapotea. Simu yako inaita haipokelewi, na ya mdogo wangu imezimwa. Kama unaumwa, mtu anieleze. Kama umekasirika, nieleze wewe.

Ua lilikufa.

Ni mimi,
Chiriku

---

Tarehe 11 Julai

Kwako binti wa kaka yangu,

Marahaba. Siumwi. Leo nakuandikia kirefu, basi kaa chini.

Yule bwana wa kamera ni mpiga picha. Ndiyo maana ana kamera. Alikuwa na duka mji wa pili, nyumba ikabomolewa, akawa anatafuta pa kuhamia. Anapiga picha za vitambulisho, za wanafunzi, za maharusi. Alipokuwa anaipiga picha nyumba yetu alitaka kumwonyesha mkewe. Huyo bwana hamjui Samahani wako, na Samahani wako haijui barabara yetu.

Mdogo wako alikuwa akienda nyumbani kwake kila asubuhi kujifunza, huko ndiko alikokuwa akiamkia. Mwezi wa nne wakaja kwangu wawili, wamevaa vizuri, wakaomba chumba cha katikati. Nikawapa. Wamepanga, mwanangu. Wamepanga chumba! Wameweka pazia la buluu na taa mbili na kiti kisichotikisika. Ni kazi ya kwanza mdogo wako kuipata bila mimi kumsukuma.

Barua yako ilimfikia asubuhi wanapiga rangi ukuta. Aliisoma amesimama. Akaikunja akaiweka kwenye droo, akaosha brashi, akaenda kulala mchana kweupe. Siku hiyo sitaisahau na nataka usiisahau.

Utasema kosa ni langu, niliandika neno moja likiwa halina mkia. Niliandika hivyo makusudi. Nilitaka nione utaangukia upande gani. Mtu ambaye riziki yake ni kupangisha, akiandikiwa na shangazi yake mwenye vyumba vitatu kwamba watu wamepanga, si angeuliza wamepanga chumba kipi, na kodi kiasi gani? Wewe ulisoma njama. Neno lilikuwa moja, njama umeileta wewe.

Na nilikuwa na sababu ya kukupima. Kabla sijakuandikia barua ile alikuja yule mwenye futi. Mtu wa maduka ya dawa, mteja wako mzito. Akanisalimia vizuri, akaanza kuvuta futi yake barazani. Nikaweka kiti changu juu ya futi, nikakaa. Nikamuuliza nani kakutuma. Akasema, "Mama, usijali, dalali wetu ameshatueleza. Nyumba iko tayari. Tumeambiwa kuna bibi mmoja tu nyuma, si tatizo."

Nilikaa palepale mpaka akachoka kuingoja futi yake. Bibi mmoja tu nyuma. Miaka yote niliyokuosha uso na kukuchana nywele, sikujua kwamba ninakaa nyuma.

Kwa hiyo nikakipangisha chumba cha katikati kwa miaka mitano, kwa maandishi, kinyozi na mkewe wakiwa mashahidi. Kinyozi naye nikamwandikia wa kwake. Sasa leta duka la dawa tuone litaingilia wapi. Kama unatafuta aliyepanga njama, usihangaike na mdogo wako. Ni mimi.

Ni mimi Shangazi yako

---

Tarehe 2 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nikifika kwenye salamu naona sina uso wa kuziandika.

Ni kweli. Niliiweka nyumba kwenye orodha ya maduka ya dawa, mwezi wa kwanza, kabla sijakuuliza upana wa baraza. Kwenye kazi yetu swali la kwanza la mteja huwa, "Jengo lina tatizo?" Maana yake lina watu wasiotaka kutoka? Nami nikajibu kuna bibi mmoja nyuma, si tatizo. Nilijibu haraka, kwa sauti ya wanaume wa meza ile, ili nisionekane mwanamke wa majiko mwenye huruma za bure. Ningeweza kukuambia nilimaanisha wewe si mtu wa ugomvi. Sitakudanganya. Wakati ule sikumaanisha wewe hata kidogo. Nilikuwa nimeshakuondoa kichwani ili sentensi ipite.

Nilipanga nikuchukue uje kukaa nami. Nilinunua kitanda cha pili. Nilipima mlango wa chumba nione kama kabati lako litapita, na linapita. Nilimuuliza muuza kitanda, nilimuuliza mwenye nyumba wangu, wewe peke yako ndiye sikukuuliza. Naona aibu, Shangazi. Naona aibu mpaka nikiona mwanamke mzee amekaa mlangoni pake nahama upande wa barabara.

Na huku sikukueleza yaliyotokea. Nilipomwekea Mzee Tai barua yako, aliisoma, akageuza upande wa pili akakuta hakuna kitu. Akaniuliza, "Wamepanga nini?" Nikamwambia wamepanga kuniibia mteja. Akamwita Samahani. Samahani akaisoma pia, taratibu, kisha akasema, "Samahani, hiyo nyumba ni ya nani?"

Kampuni ina sheria. Ukiwa na sehemu katika jengo lazima useme kabla hujaliweka kwenye orodha. Sikusema kwamba ile ni nyumba aliyotuachia baba. Nilitaka ionekane nimelipata kwa macho yangu, si kwa urithi. Meza nzima ikaniangalia. Mteja akapewa Samahani, na amewapatia nyumba nyingine kwenye mji mwingine, bila mlango wa nyuma wala wa mbele, kwa kazi yake halali. Hata ile ya ghala nimekuja kuulizia, na ni kweli hakujua kama nililishika. Nilimchukia mtu miezi yote hii kwa sababu ana tabia ya kuomba radhi.

Mwezi ujao narudi kwenye majiko. Mzee Tai anasema nishukuru.

Mdogo wangu nimemwandikia tena. Hajibu, na ana haki.

Ni mimi,
Chiriku

---

Tarehe 14 Novemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naamini mvua haijajaza beseni. Nimemtuma fundi wa paa, atafika wiki hii. Ameshalipwa, kwa hiyo akisema hajalipwa mfukuze. Simtumi ili unijibu. Paa linavuja, basi.

Sikurudi kwenye majiko. Niliandika barua ya kuacha kazi, Mzee Tai akaipokea bila kuuliza swali, hapo ndipo nikajua ni yule tai wa angani. Nilikaa nyumbani nikitazama kitanda cha pili. Kisha simu ikaita, sauti ya mwanamume: "Mzee aliyevaa sketi, bado uko kazini?" Ni yule wa matairi, ambaye ghala lilimponyoka. Anataka maduka matatu kwenye barabara kuu ya miji midogo, na hataki dalali wa mjini anayeijua miji hiyo kwa ramani. Nikamwambia nipo. Nilipokata simu nikalia, nikaosha uso, nikaanza kuandika.

Nitafungua ofisi yangu mwenyewe. Majengo ya biashara, si majiko. Na pa kuifungulia, baada ya kupiga hesabu zote, ni huko barabarani kwetu, karibu na kituo.

Shangazi, naomba kile chumba cha mwisho, chenye mizigo. Nataka kupanga.

Ni mimi,
Chiriku

---

Tarehe 5 Desemba

Kwako Chiriku,

Marahaba. Fundi alifika, akasema hajalipwa, nikamfukuza, akarudi akafanya kazi. Sasa mvua inanyesha kimya na nalikumbuka beseni langu.

Unataka kupanga. Nimelisoma neno hilo asubuhi, nikalisoma tena mchana. Nikamwuliza kinyozi, "Hapa anapanga kupi?" Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za kwako hajawahi kuzinyoa. Kwa hiyo mimi na wewe, kuanzia leo, tutasema kukodi. Unakodi chumba. Kupanga tuwaachie wenye mioyo myepesi.

Utalipa kama kinyozi, wala usiniletee bei ya udugu, udugu una bei yake na hiyo bado unadaiwa. Mizigo yangu utaitoa wewe kwa mikono yako, kitu kimoja kimoja, ukiniuliza kila kimoja kiende wapi. Utaniuliza hata cha kutupa. Mkataba utauandika wewe kwa sababu ndiyo kazi yako, lakini nitausoma mimi kwa miwani zote mbili. Na pale panapoandikwa waliomo ndani ya nyumba, usiandike bibi. Andika mwenye nyumba. Najua baba yako aliwaachia ninyi wawili, hati ninayo mimi na sitaki kuichukua. Lakini mwenye nyumba ni yule anayejua inavuja wapi.

Mdogo wako hajakusamehe. Nimemuuliza, akatikisa kichwa. Ila alipojua unakuja akapima ukuta wa nje juu ya mlango wako, akasema kibao cha ofisi kinahitaji picha ya dada, na dada akae wima, na atalipa kama wateja wengine. Alisema "dada." Niliambiwa mimi, lakini masikio yangu mabovu yalisikia vizuri.

Humu kwenye bahasha kuna picha, ya kwanza aliyoipiga kwenye duka lao. Ni mimi barazani, kiti katikati. Iangalie vizuri kabla hujaja, ujue unakuja kwa nani.

Halafu kuna lile ulilouliza mwezi wa pili. Baraza lina upana wa futi kumi na moja. Nimelipima mwenyewe, kinyozi kashika upande wa pili, goti likalalamika mpaka mwisho. Siku ile ungesema unachotaka, ningelipima siku hiyo hiyo.

Njoo mchana, uingilie mlango wa mbele.

Ni mimi,
bibi wa nyuma